Dai la Nyonga Iliyoteguka Limerudi: Kutafuta Kosa Dalili kwa Dalili

Mwongozo huu ni wa wanaofanya bili za matibabu Marekani, hasa wenzetu walioingia kwenye kazi hii karibuni na kukabidhiwa foleni ya madai ya idara ya dharura au ya madaktari wa mifupa. Nyonga iliyoteguka inasumbua kuliko inavyoonekana. Kuirudisha mahali pake ni kazi ya dakika chache na mistari ya bili haizidi minne, lakini dai lake linaweza kurudi kwa sababu chungu nzima, na kila sababu ina tiba yake.

Kabla ya kugusa msimbo wowote, fungua chati usome maelezo ya daktari mwenyewe, si muhtasari uliotengenezwa na mfumo. Tafuta majibu matatu. Nyonga hii ni ya asili au ni ya bandia? Mgonjwa alitiwa nusukaputi, alipewa usingizi mwepesi, au hakupewa kitu? Na je, nyonga hiyo hiyo ilishafanyiwa upasuaji ndani ya miezi mitatu iliyopita, na nani aliufanya? Madai mengi ya nyonga yanayorudi yameanguka kwenye mojawapo ya maswali hayo, hata pale taarifa ya malipo ya bima, yenye misimbo ya sababu kama CO-11, inapotaja jambo jingine kabisa.

Dalili: CO-11, ugonjwa haulingani na matibabu

Hapa kosa karibu kila mara ni aina ya nyonga. CPT, yaani orodha ya misimbo ya matibabu, haitazami kiungo tu, inatazama kimetokaje. Misimbo 27250 na 27252 ni ya nyonga ya asili iliyotegushwa na ajali na kurudishwa bila kupasua: ya kwanza bila nusukaputi, ya pili kwa nusukaputi. Nyonga bandia iliyochomoka ina jozi yake, 27265 na 27266, kwa mgawanyo uleule. Nyonga iliyotoka yenyewe, ya mtoto aliyezaliwa hivyo au ya mtu ambaye ugonjwa umeila, ina 27256 na 27257. Daktari akipasua, ajali inakwenda 27253 au 27254, na nyonga ya mtoto 27258 au 27259.

Upande wa ugonjwa, yaani misimbo ya ICD-10-CM, nao una milango yake. Ajali kwenye nyonga ya asili ni kundi la S73.0. Nyonga bandia ni T84.020 kulia na T84.021 kushoto. Ya kuzaliwa nayo ni Q65. Inayotoka mara kwa mara ni M24.45, na ya ugonjwa ni M24.35.

Chukua mama wa miaka 71 aliyeinama kuokota kiatu, nyonga yake ya kulia, ambayo ni ya bandia, ikachomoka. Muuguzi wa mapokezi ameandika tu kwamba nyonga imeteguka. Mfumo unapendekeza S73.004A, yaani nyonga ya kulia imeteguka, namna haikutajwa. Ukikubali pendekezo hilo halafu ukaweka 27265 kwa sababu umesoma maelezo ya daktari vizuri, dai linarudi na CO-11. Rekebisha kuwa T84.020A na mambo yameisha.

Hali ya hatari ni ile ambayo hairudi. Ukiweka S73.004A pamoja na 27250, misimbo hiyo miwili inaelewana yenyewe kwa yenyewe, bima inalipa, na hakuna anayeshtuka hadi mkaguzi aifungue chati na kukuta picha ya eksirei yenye chuma cheupe katikati ya nyonga. Kosa likiwa upande mmoja unarudishiwa dai. Likiwa pande zote mbili unaombwa fedha.

Kuanguka hakubadilishi kitu hapo. Mwenye nyonga bandia akianguka kitandani ikachomoka, ugonjwa bado ni T84.020A au T84.021A, na kuanguka kunaongezwa kama sababu ya nje, W06.XXXA. Wala huhitaji Z96.641 kueleza kwamba ana nyonga bandia ya kulia, maana T84.020 imeshasema. Ila kama na ya kushoto ni ya bandia, Z96.642 ina kazi.

Dalili: nyonga imelipwa, lakini daktari wa dharura hajalipwa kwa kumwona mgonjwa

Mstari wa 99284 au 99285, misimbo ya daktari wa dharura kumwona mgonjwa, umerudi na CO-97, kwamba malipo yake yamo ndani ya huduma nyingine, au na CO-4, kwamba modifaya, ile alama ya tarakimu au herufi mbili inayoongezwa kwenye msimbo, haipo au haifai. Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi kuliko kwingine kote kwenye nyonga, kwa hiyo tukae kidogo.

Daktari akimwona mgonjwa na kumfanyia upasuaji siku hiyo hiyo, kumwona kunalipwa peke yake iwapo tu umeambatisha modifaya inayofaa. Kwa upasuaji mdogo, yaani ule ambao malipo yake yanabeba ufuatiliaji wa kipindi cha siku 0 au 10, modifaya ni 25. Kwa upasuaji mkubwa, wenye kipindi cha siku 90, ni 57, inayosema kwamba katika kumwona huko ndipo uamuzi wa kufanya upasuaji ulipotolewa. Bima haimwulizi daktari kama kazi ilikuwa kubwa au ndogo. Inatazama jedwali.

Na jedwali la Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, linasema 27250 ina siku 0, ilhali 27252, 27265 na 27266 zina siku 90. Itazame vizuri 27265. Haina nusukaputi, inafanyika kitandani kwenye idara ya dharura kama 27250, daktari anapanda juu ya kitanda na kuuvuta mguu vilevile, lakini inahesabiwa upasuaji mkubwa. Usiniulize mantiki yake. Matokeo yake ni kwamba mweka misimbo aliyezoea kuandika 25 kwa kila kazi ya idara ya dharura atapoteza kila 99284 iliyoandamana na nyonga bandia, na aliyekariri kwamba nyonga ni 57 atapoteza kila moja iliyoandamana na 27250.

Tiba: tazama safu ya siku kwenye orodha ya malipo ya mwaka wa huduma, si ya mwaka huu, kisha sahihisha modifaya kwenye mstari wa kumwona mgonjwa. Modifaya hizo hazikai kwenye mstari wa nyonga. Na kabla hujatuma, hakikisha chati ina mambo ya kutosha kubeba mstari huo: historia, uchunguzi wa mshipa wa fahamu wa mguu, picha zilizosomwa, uamuzi. Sentensi mbili juu ya maelezo ya kuvuta mguu hazitoshi, na ukikata rufaa nazo utashindwa.

Hayo yote ni ya bili ya daktari, fomu CMS-1500. Bili ya hospitali, ile ya UB-04, haina kipindi cha siku 90, na 57 haina kazi kwake.

Dalili: bima inataka kurudishiwa tofauti kati ya 27252 na 27250

Barua imekuja miezi kadhaa baada ya malipo. Wanasema chati haioneshi nusukaputi. Mara nyingi wako sahihi.

Idara ya dharura haipendi kumwacha mgonjwa asubiri. Nyonga ya asili iliyoteguka inatakiwa irudi mapema, kwa kawaida ndani ya saa 6, kwa sababu kichwa cha fupa la paja kinaweza kukosa damu na kufa. Kwa hiyo daktari wa dharura anampa mgonjwa usingizi mwepesi, muuguzi anatazama pumzi na mapigo, nyonga inarudi. Mweka misimbo anaona jina la dawa ya usingizi kwenye chati na kuandika 27252. Usingizi mwepesi si nusukaputi. Nyonga hiyo ni 27250, na usingizi una msimbo wake: 99152 kwa dakika 15 za mwanzo kwa mgonjwa wa miaka 5 na kuendelea, 99151 kwa mdogo wa hapo, endapo anayetoa dawa ni yule yule anayerudisha nyonga.

Jina la dawa peke yake haliamui. Dawa moja, kwa kipimo kimoja, inamfanya mtu asinzie huku akijibu akiitwa. Kwa kipimo kingine inamzimisha. Kinachoamua ni kiwango alichokiandika daktari na nani alimtazama mgonjwa. Kama daktari wa nusukaputi alikuja na ana bili yake ya 01200, ambao ndio msimbo wa nusukaputi kwa kazi zote za nyonga zisizo za kupasua, ushahidi wako upo. Kama chati inasema usingizi mzito uliotolewa na daktari wa dharura mwenyewe, 99152 haifai, maana misimbo hiyo ni ya usingizi mwepesi tu, na hapo itabidi usome sera ya bima husika kabla ya kuandika chochote. Kwa 27266 maneno ya CPT yako wazi zaidi: inataka ganzi ya sehemu ya mwili, kama ile ya mgongo, au nusukaputi kamili.

Kuna mtego mwingine kwenye 99152, nao ni saa. Msimbo ni wa dakika 15 lakini unahitaji angalau dakika 10, zikianza pale dawa inapoingia na kuishia pale kazi inapokwisha na daktari kuacha kukaa naye uso kwa uso. Kumwangalia mgonjwa akizinduka hakuhesabiwi. Karatasi ya muuguzi ikionesha dawa imetolewa 14:05 na nyonga imerudi, daktari ametoka 14:14, hizo ni dakika 9 na hakuna bili ya usingizi, hata kama mgonjwa alilala hapo hadi saa 15:00. Anapaswa pia kuwapo mtu wa pili aliyefundishwa, ambaye kazi yake ni kumtazama mgonjwa, na chati imtaje.

Ukikuta bima iko sahihi, rudisha fedha, sahihisha kuwa 27250 pamoja na 99152 kama muda unaruhusu, na ukumbuke kwamba mstari wa kumwona mgonjwa sasa unahitaji 25 badala ya 57. Wengi husahau hatua hiyo ya mwisho, wakajikuta wamepoteza mara mbili.

Dalili: CO-97 kwenye mstari wa nyonga yenyewe

Hii ni ya kile kipindi cha siku 90. Upasuaji wa kubadilisha nyonga, 27130, una kipindi cha siku 90 kwa Medicare. Hesabu yake ni siku moja kabla, siku ya upasuaji, na siku 90 baada yake, jumla 92. Aliyepasuliwa tarehe 3 Machi anatoka kwenye kipindi hicho baada ya tarehe 1 Juni. Miezi ya mwanzo ndiyo nyonga bandia hupenda kuchomoka, kabla misuli haijakaza, kwa hiyo kesi hizi hazikosekani.

Tuseme imechomoka tarehe 28 Machi. Jibu linategemea nani ameirudisha na wapi.

Aliyeirudisha ni daktari wa mifupa yule yule aliyeiweka, chumba cha upasuaji, kwa nusukaputi: andika 27266-78. Modifaya 78 inasema mgonjwa amerudi chumba cha upasuaji bila kupangwa kwa jambo linalohusiana na upasuaji wa kwanza. Medicare italipa ile sehemu ya kazi ya chumbani tu, si kifurushi kizima cha upasuaji na ufuatiliaji wake, na saa haianzi upya, inaendelea kuhesabiwa tangu 3 Machi. Meneja akilalamika kwamba malipo ni madogo, hayo ndiyo malipo.

Daktari huyo huyo ameirudisha kitandani kwenye idara ya dharura: kwa Medicare hakuna malipo. Matatizo yasiyomrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji yamo ndani ya kifurushi. CO-97 hapa si kosa, na herufi CO zinamaanisha mgonjwa hatumiwi bili. Chumba cha upasuaji, kwa maana ya Medicare, ni mahali palipotengwa na kuwekewa vifaa na wahudumu kwa kazi hiyo pekee. Chumba cha mgonjwa, chumba kidogo cha matibabu na chumba cha kuzindukia havimo. Lakini usifute deni kabla ya kuona bima ni ipi. Baadhi ya bima binafsi zinafuata maana ya CPT, ambayo haitii matatizo ndani ya kifurushi, na hizo zinaweza kulipa.

Aliyeirudisha ni daktari wa dharura asiye wa kundi la yule wa mifupa: yeye hana kipindi chochote kinachomfunga. Anaandika 27265 na ugonjwa T84.020A, bila 78. Akipata CO-97, tazama namba za kundi na fani kwenye dai. Mara nyingi hospitali inamiliki makundi yote mawili, dai likatoka chini ya namba isiyo yake.

Aliyeirudisha ni mwenzake wa mifupa, kundi moja, fani moja, kwa sababu yule wa kwanza yuko likizo: kwa Medicare hao ni mtu mmoja. Anaandika 78 kama ambavyo angeandika mwenyewe.

Kishawishi kikubwa kwenye foleni hii ni kubadilisha 78 kuwa 79 au 58 kwa sababu hizo zinalipa kifurushi kizima. Modifaya 79 ni ya jambo lisilohusiana, na 58 ni ya upasuaji uliopangwa tangu awali au wa hatua. Nyonga bandia iliyochomoka haihusiani na kuwekwa kwake? Hakuna mkaguzi atakayemeza hilo.

Na kama ni nyonga ile ile iliyorudishwa kwa 27266 ikachomoka tena baada ya wiki mbili, ikarudishwa na daktari yule yule kwa 27266 ya pili, soma sera ya bima kabla ya kuchagua, maana CPT yenyewe chini ya 78 inakuelekeza kwenye 76 kwa kazi iliyorudiwa.

Dalili: kliniki ya mifupa inakataliwa ziara za ufuatiliaji

Chanzo huwa hakiko kliniki, kiko idara ya dharura. Daktari wa dharura alirudisha nyonga bandia, 27265, bila modifaya, akalipwa kifurushi chote cha siku 90 ambacho hatakitimiza. Alipaswa kuandika 27265-54, kwamba amefanya upasuaji tu na ufuatiliaji si wake. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Medicare inataka 54 kwenye kazi za siku 90 hata pale ambapo hakuna makubaliano ya maandishi ya kumkabidhi mgonjwa, mradi daktari anatarajia kufanya sehemu hiyo tu. Modifaya 55, ya anayepokea ufuatiliaji, bado inahitaji makabidhiano rasmi. Yasipokuwapo, daktari wa mifupa anaandika ziara ya kawaida ya kliniki. Kwa 27250 swali hili halipo, kwa kuwa haina siku za kufuatilia.

Dalili: CO-16, au ugonjwa si halali kwa tarehe ya huduma

Haraka haraka: herufi ya saba imesahauliwa, au msimbo umebadilika. ICD-10-CM husasishwa tarehe 1 Oktoba kila mwaka, na mara nyingine 1 Aprili, na kinachotazamwa ni tarehe ya huduma, si ya kutuma dai.

S73.015 ina tarakimu sita, kwa hiyo herufi ya saba inakaa moja kwa moja: S73.015A, nyonga ya kushoto iliyotokea nyuma. Jeraha la mshipa mkuu wa fahamu wa paja la kushoto, S74.02, lina tano, linahitaji X kujaza nafasi: S74.02XA. A ni kwa matibabu yenyewe, iwe idara ya dharura au chumba cha upasuaji, hata kama ni daktari wa tatu kumwona. D ni kwa ufuatiliaji na mazoezi ya viungo. Watu hudhani A ni ziara ya kwanza na D ni ya pili, na dai la chumba cha upasuaji likiwa na D linarudi.

Upande nao. Msimbo unaoishia kwa nyonga isiyotajwa upande, pamoja na modifaya RT, ya upande wa kulia, ni dai linalojipinga lenyewe. Daktari ametaja upande mahali fulani kwenye chati, au mpiga picha ametaja. Na namna ya kuteguka iandikwe kama imo: kwenye ajali, karibu nyonga 9 kati ya 10 hutokea nyuma, mguu ukiwa umefupika, umekunjwa na kugeukia ndani, na picha ikasomwa hivyo. S73.004 ilhali picha inasema nyuma ni uvivu.

Dalili: dai limesimama, bima inasema mwingine alipe

CO-19 inaelekeza kwenye fidia ya wafanyakazi, CO-20 na CO-21 kwenye bima za ajali, CO-22 kwenye bima nyingine ya mgonjwa. Goti kugonga dashibodi ndiyo njia ya kawaida ya kutegua nyonga ya asili, kwa hiyo bima ya afya inapoona S73 inauliza gari lilikuwa la nani. Katika majimbo kama Minnesota na New York, bima ya gari kwa kawaida hulipa kwanza bila kujali nani alikosea.

Tazama kisanduku 10 cha CMS-1500: kazini, gari, ajali nyingine. Ukitia alama ya gari, herufi mbili za jimbo lazima ziwepo. Msimbo wa sababu ya nje, kwa mfano V43.52XA kwa dereva wa gari dogo aliyegongana na gari jingine dogo barabarani, unakwenda kisanduku 21 lakini kamwe si wa kwanza, na herufi yake isiwe ya kwanza kwenye kisanduku 24E. Nimeona madai yenye misimbo yote sahihi yakirudi kwa sababu mstari wa nyonga ulielekezwa kwenye gari badala ya kwenye nyonga.

Msimbo wa PR-227 una historia tofauti. Bima ilimtumia mgonjwa barua ya maswali ya ajali, hakujibu. Mgonjwa mwenyewe yuko nyumbani na magongo, barua ni ya Kiingereza cha kisheria, ameiona kama matangazo akaitupa. Kumpigia simu, kwa lugha anayoielewa, na kumwambia ajibu namba iliyo nyuma ya kadi yake kunafungua dai haraka kuliko rufaa yoyote. Kama nyonga ilichomoka nyumbani kwa kuinama, aseme hivyo tu.

Dalili: picha ya pili imekataliwa, CO-18

Nyonga hupigwa picha kabla na baada. Zikiwa za msimbo mmoja, 73501 mara mbili, bima inadhani umetuma dai mara mbili. Ya pili iwe 73501-76 kama msomaji ni yule yule, 77 kama ni mwingine, baada ya 26 ikiwa ni bili ya msomaji tu. Kama ya kwanza ilikuwa 73502 na ya pili 73501, 76 haihitajiki. Na daktari wa dharura na wa eksirei wasitume wote wawili bili ya kusoma picha ile ile, kwa kawaida Medicare hulipa usomaji mmoja.

Kurudisha dai

Soma alama ndogo pembeni kabla ya kuandika rufaa. MA130 inamaanisha dai halikushughulikiwa kabisa na halina haki ya rufaa. Tuma jipya lililokamilika. Kosa la modifaya au herufi ya saba kwa bima binafsi ni dai lililosahihishwa, namba 7 kwenye kisanduku 22 pamoja na namba ya dai la awali. Bila namba hiyo utapata CO-18. Kwa Medicare ya madaktari njia hiyo haipo, unaomba kufunguliwa upya kwa kosa la uandishi, kwa simu au mtandaoni. Rufaa ya kwanza ya Medicare ina siku 120 tangu kupokea uamuzi, na dai lenyewe lina mwaka mmoja tangu tarehe ya huduma. Bima binafsi zina muda wa mkataba, mwingine ni mfupi mno.

Rufaa ya nyonga isiwe na chati nzima. Weka maelezo ya kurudisha nyonga, karatasi ya usingizi yenye saa, usomaji wa picha mbili, na kwa kesi ya siku 90 tarehe ya upasuaji wa kwanza pamoja na jina la aliyeufanya.

Chati isiposema, mwulize daktari kwa maandishi, na usimtilie jibu mdomoni. Kumwuliza athibitishe nusukaputi ili 27252 ipite ni kumtafutia matatizo na kujitafutia. Mwandikie hivi: “Maelezo ya tarehe hii hayataji kiwango cha usingizi wala nani alimtazama mgonjwa. Tafadhali fafanua.” Akiongeza maelezo, yawe na tarehe ya siku aliyoyaongeza. Asipokumbuka, andika 27250.